Aina, Spishi na Nasaba: Istilahi za Bakteria wa Chakula cha Mifugo

Miongoni mwa maneno yanayobebeshwa mzigo usio wake katika tafsiri za kisayansi, neno "aina" halina mwenziwe. Mfasiri akutanapo na jenasi, spishi au nasaba ya bakteria, mara nyingi huandika "aina" na kuendelea na kazi yake. Katika mazungumzo ya kila siku hapana ubaya. Lakini katika maandishi yahusuyo probayotiki, yaani bakteria hai wanaochanganywa katika chakula cha mifugo kwa manufaa ya afya yao, desturi hiyo huzaa upotofu.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1966 nchini Japani walitengwa bakteria waliokuja kujulikana kwa alama BCT-7112. Walihesabiwa kuwa Bacillus cereus var. toyoi, wakatumika katika lishe ya mifugo kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2013 wataalamu walilinganisha jenomu yao na za jamaa zao wa karibu, wakakuta mfanano uko chini ya kiwango cha asilimia 95 hivi kitumikacho kutenga spishi. Ndipo wakaitangaza spishi mpya, Bacillus toyonensis.

Mfasiri akiandika kwamba "aina mpya ya bakteria imegunduliwa", msomaji atadhani kuna kiumbe kigeni, ilhali ni yule yule aliyelishwa mifugo miaka yote hiyo. Nasaba haikubadilika, jenasi haikuguswa, spishi ndiyo mpya. Neno moja haliwezi kuyabeba yote matatu.

Wala jambo hili si la ufasaha tu. Mwaka huo huo wa 2013 Umoja wa Ulaya ulisimamisha idhini ya matumizi ya bakteria hao, kwa hofu ya sumu na ya jeni za usugu dhidi ya antibayotiki. Uamuzi huo ulihusu nasaba moja, si jenasi nzima ya Bacillus. Ofisa mifugo asomaye kwamba "aina ya Bacillus imesimamishwa" aweza kukataa bidhaa isiyo na kasoro, au kuipitisha ile ile iliyosimamishwa kwa sababu kibandiko chake kina jina jipya.

Mkanganyiko waweza kutokea pia katika ngazi ya jenasi. Mwaka 2020 jenasi Lactobacillus iligawanywa, zikaundwa jenasi mpya 23. Lactobacillus plantarum sasa ni Lactiplantibacillus plantarum. Asiyejua kwamba jina la kwanza ni la jenasi atadhani hao ni bakteria wawili tofauti.

Kwa maoni yetu, "jenasi" na "spishi" zitumike bila kusita, na "nasaba" itengewe kizazi kitokanacho na bakteria mmoja aliyetengwa. Yawezekana mtu akapinga kwamba "nasaba" ni neno la ukoo wa watu, na kwamba "vinasaba" tayari hutumika kwa chembe za urithi. Sisi twaona ukaribu huo ni faida, kwani maneno yote mawili yanahusu urithi. "Aina" libaki katika lugha ya kawaida, mahali pake pa asili.

Jina la Kilatini nalo liandikwe kamili, pamoja na alama ya nasaba, hata kama sentensi itarefuka. Kibandiko cha chakula cha mifugo si shairi. Hakipungukiwi na kitu kwa kuwa kirefu.