Dunia Isiyo na Walimwengu

Mchezo wa video uitwao Far Cry 2, uliotolewa na kampuni ya Ubisoft mwaka 2008, ulitengenezwa Montreal, Kanada. Lakini nchi inayochezewa ndani yake ni ya Afrika, isiyotajwa jina. Programu inayochora taswira zake iliitwa Dunia. Waswahili walilipokea neno hilo kutoka Kiarabu wakalifanya lao; kwa hiyo wana haki ya kuuliza kama kazi imestahili jina lake.

Sifa zake haziwezi kukanwa. Jua huchomoza na kutua, vivuli hurefuka, nyasi huinama kwa upepo. Moto ndio fahari ya kazi yote: ukishika majani makavu hufuata upepo, hupanda miti na kuteketeza vibanda. Mchoraji wa zamani alinasa dakika moja ya moto. Mashine hii huufanya uishi machoni. Katika jambo hili ufundi umeikaribia kweli.

Lakini mtazamaji akiisha kustaajabu, huona upungufu. Katika nchi ile pana majeshi mawili hupigana, na mchezaji, askari wa kukodiwa, hupita kati yao akipiga risasi. Raia hawaonekani ila wachache waliojificha. Hakuna mama sokoni wala mtoto njiani. Kibanda kikiungua, hapana aliaye.

Yaweza kujibiwa kwamba uwezo wa kompyuta za wakati ule ulikuwa na mpaka, na kwamba kutomwekea mchezaji raia wa kuua ni uungwana. Hoja ya pili ina uzito. Ya kwanza hupungua nguvu mbele ya Grand Theft Auto IV, mchezo wa kampuni nyingine wa mwaka huo huo, ambao mji wake, uliofananishwa na New York, ulijaa wapita njia. Mji wa mfano wa Marekani ulipewa watu. Nchi ya mfano wa Afrika ilipewa nyasi.

Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, wilayani Temeke. Watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba nyingi zikabomoka, watoto wakapotezana na wazazi katika kukimbia. Waliookoka hawakusimulia uzuri wa ndimi za moto. Waliulizana nani hajaonekana. Kijana wa Temeke au Kinondoni anayelipia muda wake katika kibanda cha gemu hucheza katika mji wenye kumbukumbu hiyo, na moto usio na mwenye nyumba haumfundishi chochote juu yake.

Katika Kiswahili watu huitwa walimwengu, kwa kuwa ulimwengu hutambulikana kwa wakaao ndani yake. Wasanii wa michezo hii, na hasa vijana wa Afrika Mashariki watakaojifunza ufundi huo, yafaa wamweke mwenye nyumba kwanza, ndipo wawashe moto.