Mama wa Kichuguu: Jinsi Sanamu ya Punnainallur Inavyotunzwa Bila Kuogeshwa

Katika mahekalu ya Kihindu ya Tamil Nadu, kusini mwa India, sanamu huogeshwa. Humwagiwa maji, maziwa, maji ya dafu, manjano na sandali, kizazi hadi kizazi, na zile za granaiti zinastahimili yote hayo. Sanamu ya udongo usiochomwa haiwezi. Ukiiogesha hivyo, itarudi kuwa tope.

Sanamu ya namna hiyo ipo Punnainallur, kijiji kilicho kilomita chache mashariki ya mji wa Thanjavur. Anayeabudiwa hapo ni Mariamman, mungu wa kike mwenye kauli juu ya mvua na ndui. Masimulizi ya hekalu yanasema kwamba mwaka 1680 Venkoji, mtawala Mmaratha wa Thanjavur, alikwenda kuhiji Samayapuram, kwenye hekalu jingine la Mariamman, na huko mungu huyo akamwambia ndotoni kwamba anakaa katika msitu wa mitondoo karibu na mji wake. Mtawala alipofika msituni alikuta kichuguu. Baadaye mtawa Sadasiva Brahmendra alikifinyanga kikapata umbo la mungu huyo.

Jiwe halikuwa shida. Pale pale Thanjavur limesimama hekalu la Brihadisvara, lililokamilishwa mwaka 1010 kwa granaiti tupu. Lakini kumchonga upya Mariamman kwa jiwe kungekuwa kumwacha yule aliyejitokeza mwenyewe kutoka ardhini. Basi udongo ukabaki, ikabadilishwa ibada. Kwangu mimi huo ndio uamuzi mkubwa wa kifundi katika hekalu hili.

Yeyote aliyewahi kukivunja kichuguu kwa jembe anaujua ugumu wake. Mchwa hupandisha chembe laini za mfinyanzi kutoka chini na kuzigandisha kwa mate, na huku Afrika Mashariki watu hufyatulia matofali na kukandikia sakafu udongo huo huo. Ila ugumu wake ni wa ukavu. Maji yakipenya kati ya chembe, zinaachiana. Na ukavu ukizidi, mfinyanzi hunywea na kupasuka. Mtunzaji anabanwa pande zote mbili.

Maji yalihamishwa kwanza. Zinazoogeshwa Punnainallur ni sanamu ya Vishnu Durga, mungu mwingine wa kike, na ile sanamu ya Mariamman inayotolewa nje wakati wa sherehe. Mwenyewe wa kichuguu hapati hata tone. Samayapuram nako, ambako sanamu kuu ni ya udongo, inayoogeshwa ni sanamu ndogo ya jiwe iliyowekwa mbele yake.

Mafuta yakashika nafasi ya maji. Mara moja kila miaka mitano sanamu hupakwa mafuta yenye manukato, zabadi ikiwamo, na kazi hiyo huchukua siku 48, muda ambao Wahindu wa kusini huuhesabu kuwa mzunguko kamili wa ibada. Naiona hekima katika urefu huo. Mafuta hayalainishi mfinyanzi kama maji, tena huingia polepole. Yanapotulia ndani ya vitundu huzuia unyevu. Kazi ya siku moja ingeishia juu juu.

Waumini hawawezi kukaa siku zote hizo bila Mariamman, Mama yao. Kwa hiyo huchorwa kwenye kitambaa cheupe, makuhani humwomba ahamie humo, na sadaka na maombi huelekezwa kwenye kitambaa mpaka sanamu iwe tayari. Huduma haisimami, na anayepaka mafuta hakimbizwi na foleni.

Kinachonivutia zaidi ni mabirika mawili ya maji, moja la ndani na moja la nje. Wagonjwa wa ndui walikuwa wakija kukaa hekaluni, na watu wakiyajaza ili kupoza joto la Mama, kwa kuwa homa na vipele huhesabiwa kuwa joto lake. Ukiitazama desturi hiyo kwa jicho la fundi, maji yanayogeuka mvuke hupoza chumba na kuongeza unyevu kidogo hewani, jambo linaloweza kuupunguzia mfinyanzi hatari ya kupasuka wakati wa kiangazi. Sidai kwamba waanzilishi walikusudia hivyo. Hata hivyo, maji yaliyokatazwa kumgusa yamepewa kazi karibu naye, na kila muumini mwenye ndoo anaweza kushiriki. Wagonjwa wa ndui wenyewe hawaji tena: India ilipata wa mwisho mwaka 1975.