Luma3DS: Kinachoamuliwa Kabla Mfumo Haujapakiwa

Nintendo 3DS inapowashwa, kichakataji chake cha ARM9 huanza na programu ndogo iliyochomwa ndani ya chipu kiwandani. Programu hiyo hukagua saini ya kile kitakachofuata, na ukaguzi wenyewe una kasoro iliyoelezwa hadharani Hamburg, Desemba 2016, kwenye mkutano wa wadukuzi wa 33C3. Chipu haiandikiki upya, kwa hiyo hakuna sasisho linaloweza kuziba tundu hilo. Mei 2017 mtunzi wa programu SciresM akatoa boot9strap, inayopenya kupitia tundu hilo.

Ninachokistahi zaidi ni jinsi kazi ilivyogawanywa. Boot9strap hukaa kwenye kumbukumbu ya ndani na kazi yake ni moja: kutafuta faili la boot.firm kwenye kadi ya SD, na likikosekana, kutafuta nakala kwenye kumbukumbu hiyo ya ndani. Faili hilo ndilo Luma3DS, programu inayorekebisha mfumo wa Nintendo unapopakiwa. Kulisasisha ni kunakili tu. Sehemu ambayo ikiharibika mashine haiwaki tena, haiguswi kabisa.

Shikilia Select huku ukiwasha, na menyu ya Luma itatokea kabla mfumo wa Nintendo haujapakiwa. Hii ndiyo kinga yenyewe. Ukichagua kitu kikaukwamisha mfumo, unarudi kwa Select na kukizima. Start huhifadhi, na matoleo ya karibuni huandika kila kitu katika config.ini, faili la maandishi linalosomeka kwenye kompyuta yoyote.

Katika menyu hiyo mimi huwasha machaguo mawili: kuruhusu marekebisho ya michezo, na lile linaloweka neno Sys mbele ya nambari ya toleo, ili nione mara moja kwamba Luma inafanya kazi. La kupakia moduli kutoka kwenye kadi naliacha, kwani moduli ya zamani ikikutana na mfumo mpya inaweza kuzuia mashine isiwake.

Linalotaka fikra ni kasi. New 3DS hufikia MHz 804, ila michezo ya mashine ya kwanza huiendesha kwa 268. Luma inaweza kupandisha kasi, kuwasha akiba ya L2, au vyote viwili. Mchezo uliokuwa ukisuasua hutiririka vizuri, lakini mwingine, uliotungwa kwa kutegemea kasi ya awali, huweza kuvurugika. Heri kuzima chaguo hili katika menyu ya kuwashia, kisha mchezo ukiwa unaendelea ubonyeze L, Chini na Select kufungua menyu nyingine ya Luma, upandishe kasi kwa mchezo huo pekee.