Bega Likiuma, Ukuta Ndio Mtaji

Mbio za yadi 100 za vyuo vya Marekani huogelewa katika bwawa la yadi 25, yaani mita 22.86. Zina mruko mmoja na kugeuka mara tatu. Isipokuwa kwa mtindo wa kifua, sheria humruhusu muogeleaji kukaa chini ya maji hadi mita 15 baada ya kuruka na baada ya kila kugeuka. Piga hesabu: mita 60 kati ya 91 zinaweza kupita bila mkono kuvuta maji. Katika bwawa la mita 50, kama lile la Kasarani, Nairobi, mbio za mita 100 zina kugeuka mara moja tu, na kiasi hicho hushuka hadi mita 30.

Hesabu hiyo inampa matumaini mwanafunzi wa sekondari wa Thika au Ruiru aliyeumia bega huku akitamani kuogelea chuoni ng'ambo. Miezi anayokatazwa kuvuta maji inaweza kumjenga pale hasa vyuo hivyo vinapopima ubora, mradi urejeo upangwe vizuri.

Kwanza, bega huumiaje? Muogeleaji wa mashindano huzungusha mkono maelfu ya mara kwa wiki. Kano zinazoshikilia kiungo cha bega hubanwa kila mkono unapopanda juu ya kichwa, na hubanwa zaidi kiganja kikiingia majini kwa kidole gumba kwanza, au mkono ukivuka mstari wa katikati ya mwili. Misuli inayoshika kombe la bega ikichoka, kombe hutoka mahali pake na kano ndizo zinazolipa. Kwa hiyo kupumzika peke yake hakutibu. Maumivu huondoka, mwanafunzi hurudi na mkono ule ule unaoingia vibaya, na baada ya wiki chache yuko pale alipoanzia.

Kosa linaloonekana mno kwenye mabwawa ni kumpa aliyeumia ubao wa kupigia mateke, eti apumzishe mikono. Ubao humlazimisha kunyoosha mikono mbele na kuegemeza uzito begani, katika pozi lile lile linalobana kano. Njia salama zaidi ni kulala chali, mikono kando ya mapaja, na kupiga teke la pomboo: nyonga na miguu yote miwili pamoja. Kunyoosha mikono juu ya kichwa kunasubiri ruhusa ya mtaalamu wa fiziotherapia. Nchi kavu, kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwenye nguzo kinatosha kufanyia mazoezi ya kuvuta yanayoimarisha misuli ya kombe. Hayo hayahitaji ukumbi wa kulipia.

Mkono hurudishwa mwisho, kwa mita chache, na kipimo chake ni asubuhi inayofuata. Bega likiamka na maumivu, umbali unapunguzwa. Bomba la kupumulia la mbele ya uso husaidia sana hapa, kwa sababu kichwa hakigeuki na kocha anaona wazi kila kiganja kinaingilia wapi.

Anayesoma bweni ana mzigo wa ziada. Kufua kwa mkono, kubeba ndoo, kuanika nguo kwenye kamba iliyo juu ya kichwa: zote ni kazi za bega, na haziandikwi kwenye daftari la mazoezi. Anayepanda matatu ya Thika Road kwenda Kasarani naye auhamishie mkoba bega la pili. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayochelewesha kupona.

Missy Franklin wa Marekani alikuwa bado sekondari aliposhinda dhahabu nne na shaba moja London 2012. Alikataa fedha za matangazo ili aweze kuogelea chuoni, akajiunga na Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mgongo ulimsumbua mwaka 2014, na mapema 2017 akafanyiwa upasuaji wa mabega yote mawili. Desemba 2018, akiwa na miaka 23, alistaafu kwa sababu ya maumivu ya bega. Kipaji na madaktari alikuwa navyo, na bado bega lilimshinda. Mwanafunzi wa Ruiru hana sababu ya kuficha maumivu ili asikose mashindano ya kaunti.

Wakenya kadhaa wameipita njia ya vyuo hivyo. Jason Dunford alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford alipoogelea mita 100 kipepeo kwa sekunde 51.14 katika mchujo wa Beijing 2008, rekodi ya Olimpiki iliyovunjwa dakika chache baadaye. Fainali alimaliza wa tano. Mwaka 2010 huko Delhi alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika mita 50 kipepeo. Emily Muteti aliogelea Chuo Kikuu cha Grand Canyon, Arizona, na Maria Brunlehner kile cha Florida Gulf Coast. Wote wawili wamefika Olimpiki.

Fedha, hata hivyo, hazigawiwi kirahisi. Kwa miaka mingi, hadi 2025, timu ya daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, iliruhusiwa ufadhili 9.9 kwa wanaume na 14 kwa wanawake, hivyo wengi walipewa sehemu tu ya karo. Alama za KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne, ndizo zinazoweza kujaza pengo hilo kwa ufadhili wa masomo, na hazihitaji bega.

Kalenda nayo inasaidia. Mtihani huo huisha Novemba, na vyuo vya Marekani hufungua Agosti. Hiyo ni karibu miezi tisa ya kumalizia matibabu, kuogelea upya na kupata muda rasmi. Barua kwa kocha wa chuo itaje tarehe ya kuumia, muda wa kabla na wa baada, urefu wa bwawa na mwinuko wake, maana Thika iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na mbio ndefu huchelewa huko. Iambatane na video iliyopigwa kutoka pembeni, ikionyesha kuruka, kugeuka na mita 15 zinazofuata.