Mahari ya Bella: Undugu na Mapenzi katika Twilight

Wengi wetu tuliisoma Twilight ya Stephenie Meyer (2005) kama hadithi ya mapenzi. Bella Swan, msichana wa miaka 17, anahamia mji mdogo wa Forks kuishi na baba yake, anampenda Edward Cullen, na Edward ni mnyonya damu. Nilipomsimulia nyanya yangu kule Merikit wakati wa likizo, hakuuliza kama wanapendana kweli. Aliuliza, "Huyo kijana ni wa ukoo gani?" Mwanzoni nilicheka. Baadaye nilirudi kukisoma kitabu kwa sababu ya swali hilo.

Nyanya anawajua wanyonya damu, ila wake ni mumiani, wale wazimamoto waliosemekana kukamata wapita njia usiku na kuwatoa damu. Luise White, aliyechunguza masimulizi hayo katika Speaking with Vampires (2000), anayahusisha na ukoloni na kazi za mshahara: mnyonya damu ni mwajiriwa, ana gari, ana vifaa, ana bosi. Katika yale niliyosimuliwa mimi, mumiani hana mama wala hakuna anayejua ameoa wapi. Ndiyo maana anatisha.

Meyer anamnyang'anya mnyonya damu utisho huo kwa kumpa nyumbani. Carlisle, ambaye ni daktari, alimgeuza Edward mwaka 1918 alipokuwa akifa kwa mafua makali huko Chicago, na alifanya hivyo baada ya mama mzazi wa Edward, naye mahututi, kumsihi amwokoe mwanawe. Kinachowaunganisha akina Cullen ni kwamba wote wamekubali kutokunywa damu ya watu. Hapo mtunzi amefaulu sana. Kuna jambo moja tu lililomshinda nyanya: Rosalie na Emmett, Alice na Jasper, wote wanaitwa watoto wa Carlisle na bado ni wapenzi. Hata wanafunzi wa Forks wanawanong'ona. Nyanya alisema hiyo si familia, ni bweni.

Tatizo langu liko upande wa pili, kwa Charlie, baba wa Bella. Mnyonya damu James anapomwinda Bella, msichana anajifanya amechoka na Forks ili aondoke haraka na baba yake asidhuriwe. Ili Charlie asimfuate, anamtamkia maneno yale yale aliyoyasema mama yake, Renée, siku alipomwacha Charlie miaka mingi nyuma. Kwangu mimi hakuna tukio la mapenzi linalolifikia hili katika riwaya nzima, pamoja na yote ya Edward msituni. Bella anajua palipo na kidonda cha baba yake, na anapagusa makusudi ili kumwokoa.

Baada ya hapo nilitarajia deni hilo lilipwe. Kwetu Wateso, awe wa Tororo au wa upande wa Busia ya Kenya, binti akiolewa koo mbili hukaa chini zikazungumza, na mahari ni njia ya kukiri kwamba kuna watu wanaoondokewa. Katika kitabu cha nne, Breaking Dawn (2008), Charlie anamsindikiza binti yake harusini bila kujua anamkabidhi kwa nani. Bella anageuzwa, na mtunzi anakimbia hasara hiyo: Charlie anarudishiwa binti asiyezeeka, anaambiwa mtoto Renesmee ni wa kulelewa tu, naye anakubali asielezwe zaidi ya lazima. Wasomaji wengi huuona huu mwisho mwema. Mimi naona ukoo mmoja umeumeza mwingine, na aliyemezwa ameombwa anyamaze.

Hata hivyo Meyer ameacha ufa mmoja. Renesmee ana macho ya kahawia aliyokuwa nayo Bella kabla ya kugeuzwa, na Bella aliyarithi kwa Charlie. Charlie anamtazama mtoto, anayatambua, na haulizi kitu.