Ushuru upi, kodi ipi?

Juzi nikiwa Malaba, mama mmoja mchuuzi alinionyesha kijikaratasi alichopewa kabla ya kuvusha katoni chache za sabuni kutoka Tororo. Juu kiliandikwa kwamba bidhaa zake "hazitozwi ushuru". Chini, kwamba "atalipa kodi husika". Alikuwa amebeba nauli tu, na mzigo ulilala mpakani siku mbili.

"Mwalimu," akaniuliza, "kodi gani tena? Si mimi sijapanga nyumba hapa?"

Nilicheka, kisha nikaona haya.

Sheria yenyewe haina utata huo. Katika utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zinazokubalika zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, za thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huvuka bila ushuru wa forodha zikiwa na cheti cha uasili. Msamaha huo haugusi kodi za ndani kama vile VAT. Kwa hivyo neno lililokosekana kwenye kijikaratasi ni moja tu: forodha.

Lakini mama yule angejuaje? Kenya tuna Mamlaka ya Ushuru. Tanzania wana Mamlaka ya Mapato. VAT kwao ni Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kwetu wengi huiita ushuru vilevile. Tikiti ya kaunti sokoni Busia nayo ni ushuru. Na kodi, kwa Mkenya wa kawaida, ni pesa za landilodi kila mwisho wa mwezi.

Nadhani lawama ni yetu walimu. Tumewafunza wanafunzi kwamba kurudia neno ni umaskini wa msamiati, na insha zao tumezituza kwa kubadilisha-badilisha. Mwandishi wa kijikaratasi alikuwa mwanafunzi mwema: ushuru, kodi, ada na tozo katika ukurasa mmoja, huku cheti kikigeuka hati, kisha kibali. Msomaji alidhani anatakiwa kutafuta karatasi tatu!

Watu wa mpaka huu ndio waliotupa neno bodaboda, na hakuna abiria anayeuliza maana yake. Basi tuandike "ushuru wa forodha" kwa ukamilifu, hata mara kumi. VAT itajwe kwa jina lake, na kiasi chake kiwekwe papo hapo. Cheti kibaki cheti hadi mwisho wa ukurasa. Huko kurudia nitakupa alama zote, mwanafunzi wangu.