Mama na vyuma: kazi yote iko mwezi wa kwanza

Mwaka 2018 jarida la Journal of Bone and Mineral Research lilichapa matokeo ya jaribio liitwalo LIFTMOR, lililofanywa Chuo Kikuu cha Griffith, jimbo la Queensland, Australia, chini ya Profesa Belinda Beck. Wanawake 101 waliokwisha koma hedhi, wastani wa umri wao miaka 65, mifupa yao ikiwa imepungua madini, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa mazoezi mepesi ya kufanyia nyumbani. La pili likapewa mambo ambayo daktari mwingine angeyakataza bila kusita: kunyanyua chuma kutoka chini hadi usawa wa nyonga, kukisukuma juu ya kichwa, kuchuchumaa nacho mabegani, kisha kuning'inia na kujiachia watue kwa kishindo. Seti 5 za marudio 5, kwa uzito unaopita asilimia 85 ya ule ambao mtu anaumudu mara moja tu. Nusu saa, mara 2 kwa wiki, miezi 8.

Madini ya mifupa ya uti wa mgongo, pale kiunoni, yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 2.9 kwa waliobeba vyuma. Kwa wa mazoezi mepesi yalishuka kwa asilimia 1.2. Majeruhi? Mama mmoja alikaza msuli wa mgongo, akakosa vipindi 2, akarudi.

Tangu hapo vijana wengi wanaopenda vyuma wamekuwa wakizitumia namba hizi kuwashawishi wazazi wao: kama bibi wa miaka 65 anaweza, wewe wa 50 unaogopa nini? Hapo wanaruka ukurasa wenye maana. Uzito ule mkubwa ulikuwa kituo cha mwisho. Mwezi wa kwanza wanawake wale hawakubeba kitu cha kutisha; walitumia uzito wa miili yao na mizigo midogo, wakijifunza mikao. Kabla ya hapo walichujwa. Na muda wote walikuwa na msimamizi, ambaye hakuruhusiwa kuangalia zaidi ya watu 8 kwa wakati mmoja. Nikiulizwa usalama wa jaribio lile ulitoka wapi, nitajibu kwamba ulitoka katika mambo hayo, na hata marudio machache yalisaidia. Mtu anayerudia mara 5 huweka chini mzigo kabla hajachoka kiasi cha kupoteza mkao sahihi. Anayerudia mara 20 na kamzigo kepesi, yale matano ya mwisho anayafanya ovyo.

Sasa tulete mambo haya uani. Namfahamu mama wa miaka 54, mkazi wa Kigamboni, anayefundishwa na binti yake aliyeanza vyuma akiwa chuoni. Hawana chuma hata kimoja. Wana madumu, fagio na ukuta.

"Mama, dumu liache kwanza. Shika fagio."

"We mwanangu, ndoo nimebeba tangu wewe hujazaliwa."

"Ndiyo mama, najua. Basi hebu nioneshe unavyoliinua."

Mama akainua. Magoti yalinyooka tangu mwanzo, mgongo ukapinda, mikono ikatangulia kuvuta kabla nyonga hazijafanya lolote. Lita 10 tu, kilo 10, likapanda bila shida, na ndiyo maana mtu haoni kosa. Ubishi wake una ukweli ndani yake, lakini nusu. Anayebeba ndoo kichwani mara nyingi hutwikwa. Shingo yake na uti wake vimezoea kusimama wima chini ya mzigo. Ile safari ya kutoka ardhini hadi kiunoni huwa amesaidiwa na jirani.

Binti alichofanya kinastahili kuangaliwa taratibu. Alichukua mpini wa fagio, akausimamisha nyuma ya mama ili uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega na kifupa cha mkia. Akamsimamisha hatua fupi kutoka ukutani, ameupa ukuta mgongo. Kisha akamwambia asukume makalio nyuma mpaka yaguse ukuta, magoti yakilegea kidogo, mpini usibanduke popote. Mara ya kwanza mpini ulibanduka kwenye kisogo, maana mama aliinua uso kumtazama mwanawe. Baadaye ulibanduka chini, ishara kwamba kiuno kimejikunja. Siku hiyo hapakuwa na dumu kabisa. Mama aliondoka akinung'unika kwamba hajafanya mazoezi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo alama ya siku ya kwanza iliyokwenda vizuri. Maumivu ya misuli hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu baada ya zoezi. Mzazi akishindwa kukaa kwenye kiti siku mbili baadaye, humuoni tena.

Kimo cha kuanzia nacho watu hukidharau. Chuma kirefu chenye sahani za kilo 20 za kiwango cha mashindano, ambazo kipenyo chake ni sentimita 45, hukaa kiasi cha sentimita 22 juu ya sakafu. Jimu nyingi za mitaani zina sahani ndogo, au makopo yaliyojazwa zege, na chuma hukaa chini zaidi ya hapo. Mtu wa makamo mwenye nyonga ngumu hawezi kukifikia bila kukunja kiuno, hata afundishwe na bingwa. Dawa yake ni matofali ya bloku: pandisha mzigo mpaka mama aushike mgongo ukiwa umenyooka, kisha uushushe kidogo kidogo kadiri wiki zinavyopita. Dumu la lita 20 limejitengenezea nafuu hiyo lenyewe, kwa kuwa mshikio wake uko juu. Kasoro yake ni kwamba likijazwa nusu maji huchezacheza na kumvuta mtu upande. Wengine huweka mchanga. Wajue tu kwamba dumu hilo likijaa mchanga mkavu hupita kilo 30. Na ndala zivuliwe. Miguu mitupu ni bora kuliko raba yenye soli nene laini.

Presha haina mzaha. Mwaka 1985 MacDougall na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliingiza vipimo ndani ya mshipa wa mkono wa watunisha misuli, wakawapa mashine ya kusukuma uzito kwa miguu. Wastani wa kilele ulifika 320 juu ya 250, na mmoja alivuka 480 juu ya 350. Wale walikuwa vijana wenye afya, wakisukuma karibu na mwisho wa uwezo wao, pumzi zimebanwa. Hakuna sababu ya mzazi anayeanza kufika karibu na hali hiyo. Atoe pumzi mzigo unapopanda, avute unaposhuka, na aache akiwa bado anaweza kurudia mara mbili au tatu. Akianza kuguna ujue mzigo umemzidi au marudio yamezidi.

Kwa hiyo kipimo cha presha kinatangulia dumu, naye awe ameketi kimya dakika 5. Chama cha Moyo cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2007, kiliweka mpaka wazi: presha isiyodhibitiwa inayopita 180 juu ya 110, vyuma marufuku. Ikipita 160 juu ya 100, daktari kwanza. Dawa nazo ziulizwe kwa majina. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide anaweza kushukiwa na sukari baada ya mazoezi, kwa hiyo asianze na tumbo tupu. Anayetumia atenolol mapigo yake ya moyo hayapandi kama ya wengine, hivyo kumhesabia mapigo ili kujua amechoka kiasi gani ni kujidanganya. Muulize, na usikilize kama anaweza kumaliza sentensi. Maumivu ya kifua, au yanayopanda taya na mkono, hayasubiri seti iishe.

Kuongeza mzigo ndiko kunakowashinda vijana, kwa sababu misuli ya mama huitika upesi. Ndani ya wiki chache dumu la lita 10 litaonekana la mchezo. Lakini kano zinazounganisha misuli na mifupa hujengeka polepole kuliko misuli yenyewe, na pengo hilo ndilo linalozaa viwiko na mabega yanayouma. Uzuri wa maji ni kwamba lita moja ni kilo moja: unaweza kuongeza kidogo kabisa, kiasi ambacho sahani za jimu hazikuruhusu.

Kwa mzigo ule wa asilimia 85, nasema wazi kwamba nyumbani sioni pa kuufikia. Bila msimamizi anayejua kazi, marudio 8 hadi 10 kwa mzigo wa kiasi yanatosha mwanzo, na Shirika la Afya Duniani linachoomba kwa watu wazima ni mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi kwa wiki. Binti wa Kigamboni huziba pengo la msimamizi kwa simu. Huiegemeza kwenye ndoo, upande wa kushoto wa mama, usawa wa nyonga, akarekodi seti ya mwisho tu. Anachotafuta ni kama makalio yanapanda kabla ya mabega. Yakitangulia, kipindi kijacho dumu linapunguzwa lita 2, na mama hupewa simu ajitazame mwenyewe.